Kinyozi wa Jumamosi

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika. Naliandika hili mapema, asije mtu akasema nilikimbia njiani. Lori la mbao limenishusha darajani, dereva akanyoosha kidole juu kwenye ukungu, akasema chuo kile pale. Nikamwambia sioni chuo, naona maziwa yamemwagika. Akasema basi fuata maziwa, akaondoa gari.

Begi mgongoni, sanduku la kazi mkononi. Sandukuni kuna mikasi miwili, vitana, brashi, sabuni ya povu, wembe wa kukunja na mkanda wa ngozi wa kuunolea. Mimi ni kinyozi, tena si wa kubahatisha. Nimekulia saluni kwa mjomba, na kabla sijaota ndevu zangu nilishanyoa za watu wazima waliokuja kusinzia kwenye kiti changu. Kusoma nimefika kidato cha pili, nikawaachia na wengine nafasi ya kuongoza darasa.

Niko huku kwa sababu binamu yangu kaoa, na chumba nilichokuwa nalala kapewa yeye na mkewe. Mama yuko kwa mume mpya, na pale mimi ni mgeni wa kunywa chai na kuaga. Baba simsemi, naye hanisemi, tuko sare. Mjomba kasema nikae huku msimu huu wa mvua, baadaye ataangalia. Mjomba akisema ataangalia, ujue keshafumba macho.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Chumba nachangia na mfuga nyuki, mtu mzima mwenye mikono kama mizizi, ambaye tangu jana kaniambia maneno mawili tu: "Funga mlango."

Asubuhi mkuu wa chuo katuita wageni jikoni, maana ndiko kwenye moto. Ni mama mrefu anayevaa mabuti ya mpira hata ndani ya nyumba, na kila mtu anamwita Mama Mkuu. Katueleza mambo ya hapa. Hiki ni chuo cha wananchi: hakuna mtihani, hakuna cheti, hakuna sare. Watu wa mlimani wanakuja kujifunza kujenga kuta za mawe, kufuma, useremala, hesabu, kuimba, na anayejua kitu ndiye anayefundisha. Jumamosi milango iko wazi kwa wote na kijiji kizima kinajaa ukumbini, kwa sababu wakati wa mvua hakuna pengine pa kwenda.

Ila kuna sharti, wanaliita kukabidhi. Kila anayekula hapa, kabla mvua hazijaisha, amfundishe mtu wa mlimani kitu kimoja. Na hakihesabiki kuwa kimefundishwa mpaka mtu huyo akifanye peke yake, wewe haupo, na Mama Mkuu aende na mabuti yake akakione. Kasema mlima huu unahamwa. Alipoondoka fundi wa saa, saa za kijiji kizima zilisimama moja moja. Alipokufa mchimba visima, watu walirudi kuteka mtoni. Kwa hiyo hapa hawana haja ya kukuona ukijua. Wanataka kuona kinachobaki ukishaondoka.

Asiyekabidhi, lori la mwisho wa mvua linamshusha. Aliyekabidhi anaweza kubaki kiangazi kama msaidizi, na chumba chake na sahani yake.

Chumba chake. Nikainua mkono nikasema mimi hiyo kazi nitaimaliza kabla ya Jumapili. Watu wakaangua kicheko. Tangu hapo wananiita Profesa.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Simu inashika kwenye jiwe moja tu, nyuma ya zizi la mbuzi. Nimesimama pale mpaka mbuzi wakanizoea. Mjomba hajapiga.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeuteka mlima.

Nimeweka benchi langu ukumbini karibu na dirisha, nikafunga taulo mkononi kama mjomba, nikawatangazia kwamba nafundisha kunyoa. Huku hakuna kinyozi tangu miaka hiyo. Wanakatana wenyewe kwa wenyewe na mkasi wa kukatia manyoya ya kondoo, na wanafanana kweli na kondoo. Nikamkalisha mchunga mbuzi, nikaanza: hapa unashika hivi, hapa unazungusha hivi. Mkono wangu ulikuwa unakimbia kuliko maneno, na utani ulikuwa unakimbia kuliko mkono. Nikamwambia nyuma ya sikio lake nimekuta majani ya mwaka juzi. Ukumbi ukapasuka.

Mchunga mbuzi alipojiona kwenye kioo alijishika kichwa, akatoka nje kumwonyesha mkewe. Baada ya hapo foleni ilifika mlangoni. Vichwa, ndevu, watoto, wazee. Kila anayekaa anafumba macho na kuanza kuongea. Nimesikia habari za ng'ombe aliyeanguka korongoni, za mtoto aliyeenda mjini akaacha kuandika barua, za shemeji asiyerudisha shoka. Jioni mikono inauma, na moyo uko kama umekula.

Jumanne, 12 Machi

Mezani nimekaa ncha ya benchi. Wafumaji wanaongea mambo ya nyuzi. Watu wa kuta wanaongea mambo ya mawe. Nikatupa mzaha mmoja katikati, ukaangukia kwenye sahani ya mtu, ukapoa na chakula. Hawana ubaya, ila ni watu wanaojuana tangu wakiwa uchi.

Mjomba hajapiga.

Jumamosi, 16 Machi

Foleni tena, ndefu kuliko ile. Mchunga mbuzi alijaribu kumnyoa jirani yake katikati ya wiki kwa kufuata somo langu, akamtoboa kichwa kama paa bovu. Jirani kaja nimzibe. Nilimwambia nywele haziazimwi, angoje ziote, kisha nikamtengeneza mpaka shimo likawa kama la makusudi.

Mama Mkuu alikuja kusimama pembeni. Akauliza nimemkabidhi nani. Nikasema wote wanajifunza, si unaona walivyojaa. Akasema anaona walivyokaa, hajaona aliyesimama. Akaenda zake kwap kwap na mabuti.

Sasa ngoja niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma. Kufundisha polepole naweza. Lakini mchunga mbuzi akijua, atakuja kukaa kwangu kufanya nini?

Jumatano, 20 Machi

Leo nimetumwa nyumba ya juu kabisa, mwendo wa jasho kutoka chuoni, njia imebandikwa ubavuni mwa mlima kama kibao. Anakaa mzee ambaye miaka yote ndiye aliyefundisha kuimba chuoni. Wanamwita Mzee wa Nyimbo. Kiharusi kilimpiga mwaka jana, upande wa kulia wote umelala, uso, mkono na mguu, na maneno yanamtoka nusu. Hawezi kushuka Jumamosi. Mama Mkuu kaniambia huyo mzee hajawahi kuonekana na ndevu mbele ya watu, na tangu augue anakataa wageni kwa aibu ya uso wake.

Mkewe ndiye aliyenifungulia. Bibi mdogo, mkavu, anatembea kama anawahi kitu. Kila kitu kwa mzee anakifanya yeye: kumgeuza, kumwosha, kumlisha kwa mkono wake. Wembe tu ndio ulimshinda. Anasema aliushika mara moja, akauona unamtazama.

Nilipouona ule uso nikajua kwa nini. Shavu la kulia limelegea, limeingia ndani kama mfuko mtupu. Ukipitisha wembe pale, ngozi inaufuata, na ngozi inayofuata wembe inakatika. Lakini mimi nimefundwa. Mjomba alikuwa na wateja vibogoyo, na kwa vibogoyo kuna siri: unaingiza kijiko cha mti ndani ya shavu, kipana, unalisukuma nje taratibu mpaka litanuke kama ngoma, ndipo wembe unapita. Nilikuwa nimekichukua kimoja jikoni, kwa sababu Mama Mkuu alishaniambia habari ya kiharusi na mimi natumia kichwa.

Nikampa bibi mgongo, nikafanya kazi yangu. Nilipomaliza, mzee alijipapasa kwa mkono wa kushoto, shavu hili, shavu hili. Kisha akaniambia kwa upande mmoja wa mdomo: "Safi." Akaomba dirisha lifunguliwe, watu wanaopita wamwone.

Bibi akanipa chai. Hawakuniuliza naondoka lini. Nilikaa mpaka mvua ikanichoka.

Ijumaa, 22 Machi

Mpishi anatafuta kijiko chake. Nikamsaidia kutafuta.

Jumatano, 27 Machi

Nyumba ya juu. Nimemnyoa mzee, naye kanifundisha kuvuta pumzi ya kuimba kwa kunigonga tumboni na kidole. Eti naimba kama mlango. Bibi akacheka huku kajiziba mdomo.

Kisha bibi akasema: "Mjukuu wangu, nifundishe na mimi. Wewe ni wa kupita."

Nikasema wiki ijayo.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemfundisha bibi. Maji ya moto kwanza, taulo, povu lipigwe mpaka lisimame. Wembe ulazwe, usisimamishwe. Ndevu zifuatwe zinakoelekea, na chini ya taya zinageuka, kwa hiyo papasa kwanza. Ana mkono mtulivu kuliko wangu, ila hilo sikumwambia. Upande wa kushoto kamnyoa mwenyewe, vizuri kabisa.

Upande wa kulia nikasema huu niachie leo. Nikampa mgongo.

Akijua na huu, nitakuwa nimekabidhi. Nitapata chumba chuoni. Lakini Jumatano nitakuwa napandia nini mlima? Mvua bado nyingi. Nitamwonyesha mwishoni mwishoni, siku moja kabla ya lori, mambo yote mawili niyapate. Mimi si mjinga wa kula mbegu leo nikakosa mavuno kesho.

Jumamosi, 6 Aprili

Foleni. Mama Mkuu kanikalisha yeye mwenyewe kwenye benchi langu, eti leo zamu yangu kukaa. Kaniambia bila kukaripia kwamba nimeshanyoa karibu kila kichwa cha mlima huu na sijaacha mkono hata mmoja. Kasema chumba cha msaidizi kipo kimoja, na mfuga nyuki keshakabidhi, watoto wawili wa kijijini wanavuna mizinga yake bila yeye kuwepo.

Nikasema bibi wa juu anaelekea kujua. Akasema vizuri, ataenda mvua ikipungua.

Alhamisi, 11 Aprili

Mlima umeshuka. Tulikuwa tunakula mchana, vyombo vikatetemeka mezani, kisha ikaja sauti kama lori linalomwaga mawe lisiishe. Njia ya juu imekatika. Pale palipokuwa na njia sasa kuna korongo la tope, lenye upana kiasi kwamba ukipiga kelele ng'ambo unasikika na kuvuka huwezi. Nyumba tatu ziko upande wa pili, pamoja na ile ya Mzee wa Nyimbo. Hakuna aliyeumia.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Hakuna kuchimba, tope bado linatembea.

Jumamosi, 13 Aprili

Foleni fupi. Watu hawana hamu ya kuongea, wanafumba macho tu.

Jumatano, 17 Aprili

Siku yangu ya kupanda. Nimepanda mpaka ukingoni, nikatazama ng'ambo, nikarudi. Mjomba kapiga, bahati nilikuwa jiweni. Kasema binamu anategemea mtoto, kwa hiyo chumba ndiyo basi. Kasema niwe na afya.

Jumapili, 21 Aprili

Leo mvua imekatika kidogo. Fundi wa kuta katutoa wote, wanafunzi na kijiji, kuanza kuokota mawe ya kujengea njia upya. Jirani wa wale wazee alikuja ukingoni upande wa pili akawa anapiga kelele habari. Chakula kipo. Mbuzi mmoja kafa. Mzee wa Nyimbo kakatwa shavu na mkewe akimnyoa, kidonda kinapona. Ila tangu siku ile hataki mkono wa mkewe usoni. Ukisogea anafumba macho na kubana mdomo. Kwa hiyo hali chakula. Jirani anampa mwenyewe vijiko viwili vitatu akipata nafasi, na ana watoto wake na ng'ombe wake. Mzee anakonda.

Watu wakasema masikini, wakaendelea kupanga mawe. Hakuna aliyenitazama. Ningependa mtu mmoja angenitazama.

Jumanne, 23 Aprili

Mawe. Vidole vimepasuka, wembe hauwezi kushikwa na vidole hivi.

Nimefanya kazi sambamba na mfuga nyuki. Wakati wa kupumzika kaniuliza kwa nini sili. Maneno matatu mfululizo, nikashtuka. Nikamwambia yote: kijiko, mgongo, Jumatano. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu nilidhani hatajibu.

Akajitoa tope kwenye kucha. Akasema yeye alihama bondeni baada ya mkewe kufariki, na mwaka wa kwanza alikuwa anabeba asali nyumba kwa nyumba, kidogo kidogo, ili apate kufunguliwa milango mingi. Angeweza kuwapa yote siku moja. Akasema: "Najua unachofanya. Lakini mimi nilikuwa nabana asali. Wewe umebana shavu la mtu."

Kisha akanipa nusu ya mkate wake. Na mimi wiki saba nilikuwa nadhani huyu mtu ananichukia, kumbe ni baridi tu ndiyo anayoichukia, ndiyo maana ya mlango.

Ijumaa, 26 Aprili

Fundi wa kuta anasema kesho mtu mmoja mmoja anaweza kupita, akiwa mwepesi na hana akili. Watu wote wakanitazama mimi.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimepita. Goti la kushoto halina ngozi, sanduku liko zima. Benchi la ukumbini limebaki tupu leo, na foleni nimeiacha imesimama.

Bibi alikuwa mlangoni. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Alisogea tu, kama mtu anayempisha mbuzi.

Mzee kalala kaelekea ukutani. Ndevu nyeupe zimeota hovyo, na kutoka shavuni hadi tayani kuna alama nyeusi ya kidonda kilichokauka. Kwenye kiti pembeni pana bakuli la supu, limeganda juu.

Bibi akanieleza kwa sauti ya chini, mikono kaificha ndani ya khanga. Kwamba alichemsha maji. Alipiga povu mpaka likasimama. Aliulaza wembe, hakuusimamisha. Upande wa kushoto ukaenda vizuri, akafurahi, akajua nitakapokuja atanionyesha. Kufika kulia, shavu likaufuata wembe likaingia ndani. Damu ikajaa kwenye mto wa kulalia na kwenye mikono yake. Tangu hapo mzee akiona mkono huo unakuja, hata kama una chakula, anafumba macho. "Miaka yote tumeishi," akasema, "hajawahi kuniogopa."

Nikawa nafungua sanduku na kulifunga.

Akasema tena: "Kuna kitu ulikuwa unakifanya ukinipa mgongo. Sikuuliza. Nilidhani ni heshima, unamsitiri mzee nisione uso wake ulivyolegea."

Hapo ndipo nilipotamani mlima ushuke mara ya pili, na safari hii usikosee.

"Haikuwa heshima, bibi," nikasema. Nikatoa kijiko. Nikamweleza kinavyoingia, kinavyosukuma, kwa nini nilikificha. Nilimwambia nilitaka wanihitaji. Sikupamba, na mimi kupamba ndiyo kazi yangu. Mzee kule ukutani hakutikisika, lakini masikio yake mazima.

Nikaona bibi amekitazama kile kijiko kama mtu anayetazama nyoka mdogo aliyekufa. Nikajua nikimpa wembe akamnyoe mzee sasa hivi, hatathubutu, na mzee hatakubali. Kwa hiyo nikavuta kigoda mpaka karibu na kitanda, nikakaa, nikajifunga taulo shingoni mwenyewe.

"Shika," nikamwambia. "Anza na mimi."

"Una ndevu wewe?"

"Ninazo. Zinahitaji kutafutwa."

"Na nikikukata?"

"Basi tutajua nimefundisha vibaya tena."

Akachemsha maji. Akapiga povu. Kelele ya brashi kwenye kikombe ikamfanya mzee ageuze kichwa, taratibu, kama mlango mzito. Bibi akaunoa wembe kwenye mkanda, akaulaza shavuni kwangu. Mimi nimenyoa watu mamia na sikuwahi kujua inavyokuwa kukaa chini ya wembe wa mtu uliyemkosea. Unasikia kila kitu. Unasikia matone ya paa. Nikajilegeza shavu kwa makusudi, nikalivuta ndani, likawa kama la mzee. Akaingiza kijiko. Akasukuma. Nikamwongoza kwa macho, maana mdomo ulikuwa umejaa mti: zaidi, zaidi, hapo. Wembe ukapita. Ukapita tena. Akaufuta kwenye taulo, akaendelea.

Kitandani ikatoka sauti. Tukageuka wote. Mzee alikuwa anatutazama, upande wake mmoja wa uso unacheka.

"Profesa," akasema, akipumzika katikati ya maneno. "Ka... nyamaza."

Bibi akacheka mpaka akakaa chini, na kucheka kukageuka kitu kingine, akajifuta kwa khanga. Kisha akanawa mikono. Akaipasha moto ile supu. Akasogea kitandani na kijiko cha kawaida, akasimama mbali kidogo, mkono hewani, hausogei mbele wala nyuma. Mzee akafumba macho. Nikadhani ndiyo basi. Lakini akafungua mdomo.

Jumapili, 28 Aprili

Nimelala huko huko, karibu na moto. Asubuhi nimeshuka. Shavu langu moja ni laini kuliko lingine, bibi hakumaliza.

Jumamosi, 4 Mei

Njia sasa wanapita watu na punda. Nimepanda, nikakaa nje kwenye ngazi, mlango umefungwa nyuma yangu. Nilisema sitaingia mpaka niitwe. Nikasikia brashi. Nikang'ata taulo. Kisha nikasikia mzee anaimba, mstari mmoja, umepinda, akaurudia.

Nilipoitwa, uso wa mzee ulikuwa safi. Ile alama ya kidonda bibi kaizunguka kama mtu anayezunguka kitanda cha mtoto aliyelala.

Jumatano, 8 Mei

Mama Mkuu kaenda juu na mabuti yake. Mimi nikabaki chini, ndiyo sharti. Nimeosha vyombo vyote vya jikoni bila kutumwa. Mpishi akauliza naumwa nini. Nikamrudishia kijiko chake. Akaniambia alijua tangu siku ya kwanza, alikuwa anataka kuona nitadumu nacho muda gani.

Jioni Mama Mkuu karudi, kakaa karibu na moto, kavua buti moja akamwaga maji. Akasema bibi kamnyoa mzee mbele yake. Akasema bibi kamweleza yote, na aliposema yote akanitazama mpaka nikaona viatu vyangu vina mambo mengi ya kutazamwa. Halafu akasema: "Umekabidhi." Mfuga nyuki kapewa nyumba kijijini, kwa hiyo chumba ni changu kiangazi chote. Nami nitawafundisha wengine, polepole, uso kwa uso, hakuna kumpa mtu mgongo.

Jumamosi, 11 Mei

Bibi kashuka. Mara ya kwanza tangu mzee augue, jirani kabaki naye. Kavaa khanga mpya, kachukua benchi la pili, na foleni ikajigawa. Wazee wote wakaenda kwake. Anawanyoa kimyakimya, nao wanamwachia shingo zao kama watoto. Mchunga mbuzi nimemsimamisha nyuma yangu, nikamshika mkono, nikamwongoza taratibu mpaka akaelewa. Kaelewa kweli, yule. Kufikia saa tisa alikuwa ananyoa peke yake na kusimulia mizaha yangu kana kwamba ni yake.

Kwangu hakuna aliyebaki. Nikafagia nywele.

Jumatano, 15 Mei

Lori limekuja na kuondoka, na wanne kati ya waliokuja na mimi wamo ndani. Mfuga nyuki kahamia nyumba aliyopewa kijijini. Chumba chote changu. Nimelala kitandani kwake, nimelala kwangu, tofauti hakuna. Mlango naufunga mwenyewe.

Nimeshinda, watu wangu. Nina chumba, nina sahani, na mlima mzima sasa unaweza kujinyoa. Sijui niseme nini zaidi.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua kidogo. Nimefundisha wawili.

Jumatano, 22 Mei

Jua. Asubuhi nilijikuta nimeshika njia ya juu. Ukuta mpya wa korongoni umekauka vizuri, na jiwe langu nimelitambua, limekaa vibaya kidogo lakini limekaa. Katikati ya njia nikagundua mikono inaning'inia tu. Sanduku sikulibeba.

Bibi alikuwa anaanika nguo. Akanitazama mikono.

"Sanduku liko wapi?"

"Nimeliacha."

"Mzee nimeshamnyoa Jumapili."

"Najua, bibi."

"Basi umekuja kufanya nini?"

Mimi ambaye jibu huwa linanitoka kabla swali halijaisha, nikasimama pale na ukungu unanipita miguuni. Sikuwa na kitu cha kuuza, wala cha kuficha. Ningesema nilikuwa napita, lakini pale njia inaishia, hakuna mtu anayepita.

Ndani, mzee alikuwa amesikia. Kitanda kikalia. Nikachungulia mlangoni, nikamwona anajisukuma kwa mguu wake mzima kuelekea ukutani, kidogo, akapumzika, kidogo tena, mpaka kwenye ukingo wa godoro pakapatikana nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Akapapiga kwa kiganja.

Nikaingia nikakaa. Bibi akaendelea kuanika.